Tanjenti na nomali

Tanjenti ya mpindo ni mstari mnyoofu unaopita katika nukta moja ya mpindo huo ukiwa na mwelekeo uleule ambao mpindo unao katika nukta hiyo. Nomali ni mstari mnyoofu unaopita katika nukta hiyohiyo na kukutana na tanjenti kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90. Katika hisabati mistari hii miwili hupatikana kwa kutafuta derivativu, ambayo ni chombo kikuu cha kalkulasi.

Neno tanjenti linatokana na Kilatini tangere, maana yake "kugusa". Katika trigonometria neno hilohilo hutaja uwiano wa pande za pembetatu; makala hii inahusu mstari.

Maana

Tanjenti ya duara hugusa duara katika nukta moja tu. Kwa sababu hiyo watu wengi husema kwamba tanjenti ni "mstari unaogusa mpindo mara moja". Maelezo hayo yanatosha kwa duara, lakini hayafai kwa mipindo mingine, kwa sababu mbili:

- Mstari wima x = 1 unakutana na mpindo y = x² katika nukta (1, 1) peke yake, lakini si tanjenti. Unaukata mpindo na kupita.
- Mstari y = 3x − 2 ni tanjenti ya mpindo y = x³ katika nukta (1, 1), lakini unakutana na mpindo huo tena katika nukta (−2, −8).

Basi jambo la kuangalia si idadi ya nukta ambazo mstari na mpindo vinakutana, bali mwelekeo wa mpindo karibu sana na nukta inayohusika. Tanjenti inaweza hata kuuvuka mpindo palepale inapougusa: mhimili wa x ni tanjenti ya y = x³ katika nukta (0, 0), ingawa mpindo uko chini ya mhimili upande wa kushoto na juu yake upande wa kulia.

Mteremko na derivativu

Mteremko wa mstari mnyoofu ni badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x. Ili kuupata zinahitajika nukta mbili, lakini kwa tanjenti ipo nukta moja tu. Ugumu huu ndio unaotatuliwa na derivativu.

Chukua mpindo y = x² na nukta (1, 1). Chagua nukta ya pili iliyo karibu, ambayo x yake ni 1 + h. Mteremko wa mstari unaounganisha nukta hizo mbili ni:

((1 + h)² − 1) / h = (2h + h²) / h = 2 + h

Kama h ni 0.1, mteremko ni 2.1, kama h ni 0.001, mteremko ni 2.001. Kadiri h inavyokaribia sifuri, mteremko unakaribia 2. Kikomo hicho ndicho mteremko wa tanjenti. Kikitafutwa kwa kila thamani ya x, hupatikana derivativu, ambayo kwa y = x² ni 2x. Kwa jumla, derivativu ya xⁿ ni nxⁿ⁻¹.

Milinganyo

Kama mpindo ni y = f(x), na nukta inayohusika ni (a, f(a)), derivativu katika nukta hiyo huandikwa f′(a). Mlinganyo wa tanjenti ni:

y − f(a) = f′(a)(x − a)

Miteremko ya mistari miwili inayokutana kwa pembe mraba ikizidishwa hutoa −1, isipokuwa mmoja ukiwa wima. Kwa hiyo mlinganyo wa nomali ni:

y − f(a) = −(1 / f′(a))(x − a)

Kama f′(a) ni sifuri, tanjenti ni mlalo na nomali ni mstari wima x = a. Hapo mlinganyo wa nomali ulioandikwa juu hautumiki, kwa kuwa haiwezekani kugawanya kwa sifuri.

Mfano

Tafuta tanjenti na nomali ya y = x² − 4x + 5 pale ambapo x = 3.

1. Nukta: y = 9 − 12 + 5 = 2, kwa hiyo nukta ni (3, 2).
2. Derivativu: 2x − 4. Pale x = 3, mteremko ni 2.
3. Tanjenti: y − 2 = 2(x − 3), yaani y = 2x − 4.
4. Nomali: mteremko wake ni −1/2, kwa hiyo y − 2 = −(1/2)(x − 3), yaani x + 2y = 7.

Kosa la kawaida ni kuandika 2x − 4 kama mteremko ndani ya mlinganyo wa tanjenti bila kwanza kuweka x = 3. Matokeo yake si mlinganyo wa mstari mnyoofu tena. Katika mfano huu derivativu na tanjenti zimeandikwa kwa alama zilezile, 2x − 4, lakini hiyo ni sadfa tu.

Tanjenti kutoka nukta iliyo nje ya mpindo

Nukta (1, −3) haiko juu ya mpindo y = x². Kuweka x = 1 katika derivativu hakusaidii, kwa sababu tanjenti inayotafutwa inagusa mpindo mahali pengine. Mahali hapo paitwe (a, a²). Tanjenti ya hapo ni y = 2ax − a². Ikipita katika (1, −3), basi −3 = 2a − a², yaani a² − 2a − 3 = 0. Majibu ni a = 3 na a = −1, kwa hiyo ziko tanjenti mbili: y = 6x − 9 na y = −2x − 1.

Duara

Kwa duara x² + y² = 25, derivativu ya pande zote mbili inatoa mteremko −x/y. Katika nukta (3, 4) mteremko wa tanjenti ni −3/4 na wa nomali ni 4/3. Nomali ni y = 4x/3, nayo inapita katika kitovu (0, 0). Hivyo kalkulasi inathibitisha jambo lililojulikana tangu Euklides: tanjenti ya duara hukutana na nusukipenyo kwa pembe mraba.

Mahali pasipo na tanjenti

Mpindo wa y = |x| una ncha katika (0, 0). Upande wa kushoto mteremko ni −1, na upande wa kulia ni 1. Hakuna mwelekeo mmoja, kwa hiyo hakuna tanjenti wala nomali hapo.

Historia

Wagiriki wa kale walitafuta tanjenti kwa njia ya jiometri, kila mpindo kwa mbinu yake. Archimedes alishughulikia tanjenti ya mzingo unaobeba jina lake, na Apollonio wa Perga alichunguza nomali za parabola, duaradufu na hiperbola.

Mwaka 1637 René Descartes, katika kitabu La Géométrie, alieleza njia ya kupata nomali kwa kutumia aljebra. Wakati huohuo Pierre de Fermat alikuwa na njia yake ya kupata tanjenti, nao wakabishana. Mwaka 1638 Descartes alimpa Fermat mpindo x³ + y³ = 3axy kama jaribio, na Fermat akafaulu. Baadaye Isaac Newton na Gottfried Wilhelm Leibniz, kila mmoja kwa njia yake, walipata kanuni za jumla. Leibniz alichapisha zake mwaka 1684.

Matumizi

- Mwanga: pembe ya mwanga unaogonga kioo na ya ule unaoakisiwa ni sawa, na zote hupimwa kutoka nomali. Ndiyo sababu dishi la satelaiti lenye umbo la parabola hukusanya mawimbi katika nukta moja.
- Mwendo: kitu kinachozunguka kikiachiwa huondoka kwa kufuata tanjenti, kama tope linaloruka kutoka kwenye gurudumu.
- Kukadiria majibu: ili kupata kipeuo cha pili cha 2, chukua tanjenti ya y = x² − 2 pale x = 1.5. Inakata mhimili wa x karibu na 1.4167, na jibu halisi ni karibu 1.4142.

Tazama pia

- Kalkulasi
- Jiometri
- Parabola
- Trigonometria