Udugu wa Mapadre wa Jimbo katika Uwanda wa Ugogo

Gulwe, kituo cha Reli ya Kati karibu na mji wa Mpwapwa, kimo Ugogo, nchi ya Wagogo katika eneo la Dodoma, ambako Kanisa Katoliki lilikuzwa kwanza na watawa, yaani mapadre walioweka nadhiri za ufukara, useja na utii, na ambao huishi pamoja kwa kufuata katiba ya shirika lao. Mwaka 1935 Dodoma ilifanywa Prefektura ya Kitume, yaani eneo la kimisionari ambalo halijawa jimbo kamili, ikakabidhiwa watawa wa shirika la Wapasionisti kutoka Italia. Mwaka 1953 ikawa jimbo, na mwaka 1972 Mathias Isuja akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika.

Kadiri mapadre wa jimbo walivyoongezeka, namna ya maisha ya kipadre nayo ilibadilika, kwa maana padre wa jimbo haweki nadhiri za kitawa, bali huahidi utii kwa askofu wake na kuishi useja, wala hafungwi na sheria ya kuishi katika jumuiya. Seminarini, kama Kipalapala karibu na Tabora, iliyopokea waseminari tangu mwaka 1925, vijana walisali, walisoma na kula pamoja kwa miaka mingi. Lakini baada ya daraja takatifu kila mmoja alitumwa kwenye parokia yenye vigango, yaani vituo vidogo vya sala, vilivyotawanyika, katika nchi ambayo mvua zikizidi hata reli hukatika, kama ilivyotokea kati ya Kilosa na Gulwe mwanzoni mwa mwaka 2010.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu mapadre, ulifundisha kwamba mapadre wote wa jimbo huunda presbiteri moja, yaani familia inayomzunguka askofu na kuunganishwa na sakramenti ya Daraja. Mafundisho hayo hutekelezwa kwa mafungo ya kila mwaka, mikutano ya dekania, ambayo ni kundi la parokia jirani, na Misa ya Krisma, ambamo mapadre hurudia ahadi zao mbele ya askofu.

Hata hivyo, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 280, inapendekeza maisha ya pamoja bila kuyaamuru. Kwa hiyo udugu ambao mtawa huukuta umeandaliwa na shirika lake, padre wa jimbo hana budi kuufungia safari.