FUNDO LA MTI NA FUNDO LA MOYO

Katika kupitia istilahi za useremala tumelazimika kusimama kwenye neno fundo. Seremala wa Isingiro, mahali palipokuwa katika Wilaya ya Karagwe hadi 2012 na sasa pamo katika Kyerwa, akitumia Kiswahili hulitumia sawa na mwenzake wa Tanga: ni pale tawi lilipoota, nyuzi za mti zikabidi kulizunguka. Hapo randa huruka na msumari hupinda. Lakini neno hilohilo husemwa kwa watu. Fulani ana fundo, yaani ana kinyongo kisichomtoka, na kupatana naye ni kazi.

Huko Karagwe yamkini neno lilifika kwa mlango mwingine kabisa. Misafara ya pwani ilihesabu ushanga kwa kete na fundo, kete kumi zikiwa fundo moja. Wafanyabiashara hao walikuwa na kituo Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, ambaye Speke alimfikia mwaka 1861. Basi huenda wenyeji walilisikia kwanza kama mali, si kama dosari.

Maana ya kinyongo nayo si ya jana. Imo katika kamusi ya Johnson ya 1939, iliyojengwa juu ya ile ya Madan ya 1903. Kwa hiyo anayetaka seremala atungiwe neno jipya, eti asichanganyikiwe, hatukubaliani naye. Karakana haijapata kuchanganyikiwa.

Linaloweza kuchanganywa ni fundo na kisiki. Mtu asiyesogezeka huitwa kisiki cha mpingo: huyo ni mgumu mwili mzima, na kila mtu amjua. Mwenye fundo aweza kuwa laini pande zote, hata uguse pale mahali.

Upungufu wetu uko kwingine. Tawi lililokuwa hai mti ulipokuwa ukinenepa huacha fundo lililoshikamana na ubao. Tawi lililokwisha kufa huacha fundo lisiloshikamana, na ubao ukikauka hulegea, hudondoka, pakabaki tundu. Mwanafunzi wa ufundi hana budi kuyatofautisha kabla ya kuchagua mbao za paa, na neno moja halimtoshi. Twapendekeza fundo hai na fundo mfu.