Neno ‘au’ lililowapandisha wanaume angani

Sisi tunaofundisha lugha huwaambia wanafunzi kuwa ‘au’ ni kiunganishi, kisha tukakimbilia nomino na vitenzi. Leo nataka kuonyesha jinsi kiunganishi hiki kidogo kilivyochangia kuamua nani aitwe mwanaanga na nani abaki ardhini.

Mwishoni mwa 1958, NASA, shirika changa la anga la Marekani, lilikuwa likitafuta watu wa kurushwa angani katika mradi wa Mercury. Hakuna aliyejua kwa hakika mwili wa binadamu ungefanya nini huko juu. Je, angeweza kumeza chakula? Macho yangeona sawasawa? Rais Eisenhower akaamua kuwa watu hao watoke miongoni mwa marubani wa majaribio wa jeshi. Masharti yakaandikwa: umri chini ya miaka 40, kimo chini ya futi 5 na inchi 11, afya njema, saa 1,500 za kurusha ndege, ujuzi wa ndege za jeti, mafunzo ya shule ya marubani wa majaribio, na shahada ya kwanza au elimu inayolingana nayo.

Hebu shika hapo penye ‘au’.

Faili 508 zilipekuliwa na marubani 110 wakaonekana kutimiza masharti. Baada ya mchujo, 32 walipelekwa katika kliniki ya Daktari Randolph Lovelace mjini Albuquerque, ambako walipimwa kuanzia unyayo hadi utosi. Hata maji baridi yalitiwa masikioni mwao ili wapatwe na kizunguzungu, wapimwe walivyokihimili. Kisha wakapelekwa Dayton, Ohio, kukabiliana na joto, mtetemo, kelele na upweke. Tarehe 9 Aprili 1959, saba wakatangazwa.

Kumbe kati ya hao saba, wawili hawakuwa na shahada! John Glenn alikuwa amekatiza masomo ya chuo kwenda vitani. Scott Carpenter alikuwa amebakisha somo moja tu la uhandisi. ‘Au’ ikawafungulia mlango. Sisemi hawakustahili, la hasha. Mnamo 1962 Glenn alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani, na Carpenter akawa wa pili. Ninachosema ni kwamba aliyeandika masharti yale alijua kuwa mtu anaweza kupata ujuzi kwa njia zaidi ya moja.

Sasa basi, njoo kwa wanawake. Mnamo 1960, Lovelace yuleyule alimwalika rubani Jerrie Cobb afanyiwe vipimo walivyofanyiwa wanaume. Akafaulu. Baadaye wakaja wengine, na kwa jumla wanawake 13 wakafaulu. Katika jaribio la upweke, Cobb alielea ndani ya tangi la maji gizani kwa zaidi ya saa tisa. Hata hivyo, huo haukuwa mradi rasmi wa NASA. Mnamo Septemba 1961, zikiwa zimesalia siku chache tu waende Pensacola kwa vipimo zaidi, walipokea telegramu: safari imefutwa.

Julai 1962, Cobb na mwenzake Jane Hart walifika mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Marekani kujitetea. Cobb alikuwa na zaidi ya saa 10,000 za kurusha ndege. Lakini sharti la urubani wa majaribio wa ndege za jeti lilibaki palepale, na shule za kijeshi zilizotoa mafunzo hayo hazikuwapokea wanawake. Glenn, ambaye ‘au’ ilimwokoa, aliiambia kamati kuwa kukosekana kwa wanawake katika kazi hiyo kulitokana tu na mpangilio wa jamii. Kwa upande wa shahada, kulikuwa na ‘au’. Kwa upande wa jeti, hapakuwa na ‘au’ yoyote.

Wasovieti nao waliuliza swali tofauti: kazi yenyewe inahitaji nini? Chombo chao cha Vostok kilijiendesha chenyewe kwa kiasi kikubwa, na wakati wa kurudi mwanaanga alilazimika kuchomoka na kutua kwa parachuti. Kwa hivyo walitafuta wanawake hodari wa parachuti. Valentina Tereshkova, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, akaruka tarehe 16 Juni 1963 na kukaa angani karibu siku tatu, muda mrefu kuliko wanaanga wote wa Mercury kwa jumla. Marekani ilimpeleka mwanamke wake wa kwanza, Sally Ride, miaka 20 baadaye.

Wapo wanaojivunia kwamba Kiswahili hakibagui, kwa kuwa ngeli ya A-WA haijali jinsia na ‘mwanaanga’ anaweza kuwa yeyote. Ni kweli, lakini tusijidanganye. Orodha ile ya NASA haikuhitaji kutaja neno ‘mwanamume’ ili kumfungia mwanamke nje. Ilitosha kudai cheti ambacho hakuruhusiwa kukipata.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma tangazo la kazi gazetini, lile linalomdai kijana aliyemaliza chuo juzi uzoefu wa miaka mitano, huwa natafuta kwanza penye ‘au’. Nikishaipata, najiuliza imewekewa nani. Nisipoipata, najiuliza ni nani aliyenyimwa.