Kabla Hujaniuliza Jina la Tatu

Hodi ni ya mgeni, karibu ni ya mwenyeji. Basi karibu, msomaji. Hapa ndipo kwangu.

Leo nilikaa hapa Satellite, Riruta, niandike ule ukurasa ambao kila tovuti binafsi lazima iwe nao: "Mimi ni nani". Kujenga tovuti nzima kumenichukua wikendi moja. Mstari wa kwanza wa ukurasa huu umenichukua siku tatu.

Sababu unaijua kama wewe ni Mkenya. Ukitaja jina moja, unaulizwa la pili. La pili lisipotosha, unaulizwa la tatu, au "kwenu ni wapi?" Anayeuliza hataki jina. Anataka kujua kabila, ili ajue akuamini kiasi gani. Nikaamua nisome kwanza waliotutangulia walijitambulisha vipi. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tuanze na mitambo. Mtaa wetu unaitwa Satellite, na kwa miaka mingi intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti kweli kweli. Setilaiti hizo hukaa angani karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako kwenda na jibu kurudi ni karibu nusu sekunde, hata kabla ya foleni. Mbaya zaidi, barua pepe ya kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi hadi nyingine ya Nairobi ilizunguka ng'ambo kwanza. Kituo cha kubadilishana data hapa nchini, KIXP, kilianza Novemba 2000, kikafungwa na mdhibiti mwezi uliofuata baada ya malalamiko ya Telkom Kenya, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kebo ya kwanza ya chini ya bahari, SEACOM, ilianza kazi Mombasa Julai 2009.

Kwa hiyo ukurasa mzito ulikuwa kumwadhibu mgeni, hasa aliyekaa saiba akilipa kwa dakika. Picha kubwa hazikufaa. Mwenye tovuti alijulikana kwa maneno yake.

Mwaka 2004, Daudi Were, mwenye blogu ya Mental Acrobatics, alianzisha mzunguko wa blogu za Wakenya. Ulikuwa mtindo rahisi: kila mwanachama aliweka kipande cha msimbo kwenye ukurasa wake, na msomaji akibofya anapelekwa kwa mwanachama mwingine. Hakuna kampuni iliyoamua usome nini. Mwenyeji mmoja alikupeleka kwa jirani yake.

Sasa tazama majina waliyojiita: Bankelele, aliyeandika habari za benki na biashara. Kenyan Pundit, yaani Ory Okolloh, mwanasheria. Afromusing, yaani Juliana Rotich. White African, yaani Erik Hersman. Upande wa Kiswahili alikuwepo Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa Marekani, na Jikomboe yake, akiwahimiza wengine waandike kwa lugha yao. Wengi wao hawakuficha majina halisi, lakini jina la mlangoni lilitaja shughuli au mtazamo. Ukaja kumwamini mtu kwa yale aliyoandika mwezi baada ya mwezi.

Wapo ambao hawakupenda kutambulishwa. Mwaka 2006 Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge. Waanzilishi wameeleza kwamba tovuti ya Bunge ilikuwa imefungwa baada ya wabunge kadhaa kuona aibu wasifu wao kuwekwa hadharani. Waliokuwa na kurasa bila kuombwa walikuwa raia. Waliolipwa na raia walitaka zao zifutwe.

Kisha ukaja mtihani. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalitangazwa, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu walikuwa wanauawa. Mwishowe walifika zaidi ya 1,100. Okolloh, aliyekuwa Nairobi, aliendelea kuandika, na wasomaji wakamtumia habari za walichokiona. Walikuwa wanamjua tayari, kwa miaka. Mapema Januari 2008 aliuliza kama kuna anayeweza kutengeneza ramani ya matukio. Walioitikia walikuwa hao hao majirani wa kurasa: Hersman, Rotich, na David Kobia aliyeandika programu. Baada ya siku chache Ushahidi ilikuwa hewani.

Kobia huyo huyo alikuwa akiendesha Mashada, baraza kubwa la mazungumzo ya Wakenya. Mwezi huo matusi ya kikabila yalizidi, akalifunga. Mahali pake akafungua tovuti aliyoipa jina la "Sina kabila" kwa Kiingereza, watu waje waandike ujumbe wao. Nimefikiria sana jambo hilo. Mtandao ni ule ule, nchi ni ile ile. Ila uwanjani mtu angeweza kutukana na kwenda zake, na kwenye ukurasa wake mwenyewe angeamka kesho akutane na maneno yake mlangoni.

Sitaki kuwapamba. Kuandika kwa Kiingereza kuliwaacha wengi nje, na saiba haikuwa kila kijiji. Tena kurasa nyingi za enzi hizo zimepotea. GeoCities, iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu duniani, ilifungwa Oktoba 2009. Nilizobofya jana nyingi zilinifikisha pasipo na kitu. Ukijenga kwenye kiwanja cha mwingine, siku akibomoa huna la kusema.

Ndiyo maana nimenunua anwani yangu mwenyewe na ukurasa huu hauna picha hata moja. Nao mstari wa kwanza nimeupata:

"Mimi ni mwandishi wa programu, naishi Satellite. Hizi hapa ni kazi zangu, pamoja na zile zilizoharibika. Soma, kisha uamue."

Jina langu la tatu lipo, chini kabisa ya ukurasa. Kufika huko utakuwa umeshanijua.

Karibu tena.