Kutoka Tunguu hadi Mirihi

Tarehe 25 Januari 2004, gari la roboti liitwalo Opportunity lilitua katika sayari ya Mirihi. Lilikusudiwa kufanya kazi kwa siku 90 za huko, lakini lilidumu zaidi ya miaka 14, likatembea kilomita 45.16. Nani aliihesabu safari hiyo, na akiwa wapi?

Ilihesabiwa siku kwa siku. Mizunguko ya magurudumu ilitoa kipimo cha kwanza, lakini kwenye mchanga gurudumu huweza kuzunguka gari likibaki palepale. Hivyo, penye utelezi, gari lilipiga picha na kulinganisha mawe yaleyale kabla na baada ya kusogea. Kisha habari ilibidi ifike duniani. Kwa kuwa dunia huzunguka, Mirihi huchwea kama jua, na kituo kimoja hakitoshi. Vituo vitatu hupokezana zamu: California, Madrid na Tidbinbilla karibu na Canberra, kiasi cha kilomita 300 kutoka hapa Guildford.

Kupokezana huku kulipita Uswahilini zamani. Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga kituo Unguja, na kikajengwa Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alifuatiliwa kutoka Kano, kisha Unguja, kisha meli iliyokuwa Bahari ya Hindi, hadi Muchea na Woomera nchini Australia.

Hata hivyo, kituo hicho kilipingwa vikali na wanasiasa wa Zanzibar, waliohofia kwamba ugomvi wa mataifa makubwa ungeletwa kisiwani mwao. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kituo kilifungwa mwaka huohuo.

Australia nayo ilikubaliana na Marekani mwaka 1960, lakini kwa saini ya serikali yake yenyewe. Kwa Zanzibar, mtawala ndiye aliyetia saini. Tidbinbilla ilifunguliwa mwaka 1965, na tarehe 6 Agosti 2012 ndiyo iliyopokea habari kwamba gari la Curiosity limetua salama.

Basi tusisome historia ya anga kama habari ya roketi pekee. Kila hatua ya gari la Mirihi hupokewa kwenye ardhi ya nchi fulani, na Tunguu yatufundisha kuuliza ni nani aliyeitolea ardhi hiyo idhini.