Ukiwa na Ndoana Pita, Ukiwa na Taulo Rudi

Kuna sheria moja huko Massachusetts, Marekani, ambayo nikimwelezea mtu anadhani namtania. Ukitembea kwenye ile sehemu ya ufuo ambayo maji hujaa na kupwa, na ufuo huo uwe ni wa mtu binafsi, mwenyewe anaweza kukufukuza. Lakini ukiwa umeshika fimbo ya kuvulia na kweli unavua, hawezi. Umekuja kutafuta samaki, wewe ni halali. Umekuja kupunga upepo, umeingia kwa mtu bila ruhusa. Mwamba ni ule ule, miguu ni ile ile. Tofauti ni ndoana.

Hii stori niliikuta kupitia video za wavuvi. Kila mwaka kuanzia Septemba mpaka Novemba, msimu ambao huko majani ya miti hugeuka rangi na kudondoka, mitandao inajaa watu waliosimama juu ya majabali, usiku ama alfajiri, wakirusha mishipi kwenye mawimbi yanayovunjika. Ni starehe, sikatai. Lakini nyuma ya hayo majabali kuna mvutano wa karibu miaka 400 kuhusu swali ambalo sisi Wakenya tunalijua vizuri sana: nani anaruhusiwa kufika baharini?

Tuanze na samaki mwenyewe. Anaitwa striped bass, mimi nitamwita besi wa milia, kwa sababu ubavuni ana mistari myeusi kama iliyochorwa kwa rula. Anazaliwa kwenye maji ya mito kama Hudson na ile inayoingia Ghuba ya Chesapeake. Akikua, anapanda kaskazini wakati wa joto hadi Massachusetts na Maine. Baridi ikianza kubisha hodi, anarudi kusini akipita karibu kabisa na nchi kavu, akila kila anachokutana nacho ili anenepe kabla ya baridi kali.

Ndiyo maana siku ya kuvua msimu huo haifanani na siku ya mapumziko. Upepo ukivuma kwa nguvu na bahari ikichafuka, sisi wengine tungebaki ndani. Mvuvi wa miamba ndipo anapotoka. Wimbi likipasuka juu ya jabali, maji yanageuka povu jeupe, samaki wadogo wanapoteza mwelekeo, na besi anajua. Anakuja kuwinda pale pale kwenye povu. Mvuvi naye anavaa viatu vyenye misumari chini ili asiteleze kwenye mwani, anafunga mkanda kiunoni ili maji yasimjae kwenye suruali ya mpira, halafu anasimama kwenye jiwe akihesabu mawimbi. Ukikosea hesabu, bahari inakuchukua. Watu wamekufa hivyo.

Sasa, hilo jiwe ni la nani?

Mwaka 1641 koloni la Massachusetts Bay liliandika orodha ya haki za wakazi wake. Mojawapo ilisema kwamba kila mkazi mwenye nyumba yuko huru kuvua samaki na kuwinda ndege kwenye ghuba, vijito na mito mpaka pale maji ya bahari yanapofika. Mwaka 1647 wakaongeza kitu. Walitaka matajiri wajenge magati ya meli lakini koloni halikuwa na pesa za kujenga, basi wakawapa wenye ardhi ya ufuoni umiliki mpaka mstari wa maji kupwa, ilimradi usizidi takriban mita 500. Haki ya umma ikabaki kwa mambo matatu tu: kuvua, kuwinda ndege, na kupita na chombo.

Tusisahau pia kwamba hiyo ardhi waliyokuwa wakigawana ilikuwa na wenyewe. Wawampanoag walikuwa wakivua hapo kabla meli yoyote ya Kiingereza haijaonekana. Kwenye ile sheria hakuna aliyewauliza.

Samaki walikuwa wengi kiasi kwamba wakoloni waliwatumia kama mbolea ya mahindi. Mwaka 1639 koloni likapiga marufuku kutumia besi na chewa kurutubisha mashamba. Na mwaka 1670 koloni jirani la Plymouth likaamua kwamba mapato ya uvuvi wa Cape Cod, ya besi pamoja na samaki wengine, yasaidie kuanzisha shule ya bure. Yaani samaki walichukuliwa kuwa mali ya jamii, kitu cha kusomesha watoto wa wote. Shikilia hapo, maana inakuja tofauti.

Ruka mpaka 1864. Kundi la matajiri, wengi wao kutoka New York, linaanzisha klabu ya uvuvi kwenye kisiwa kidogo cha Cuttyhunk, na linanunua sehemu kubwa ya kisiwa. Mwaka 1866 klabu nyingine inaanza kwenye kisiwa jirani cha Pasque. Hawa hawakusimama juu ya mwani unaoteleza kama wewe na mimi. Walijengewa vijukwaa vya mbao vilivyoegemea vyuma vilivyochimbiwa kwenye majabali, mdosi aketi juu ya povu akiwa mkavu. Nani atakaa jukwaa gani? Walipiga kura. Kila mmoja alikuwa na msaidizi wa kumtilia chambo, na chambo chenyewe kilikuwa mkia wa kamba mawe! Samaki akishika, msaidizi ndiye anayeteremka kwenye maji kumtoa, mdosi anapongezwa.

Marais wa Marekani walipita hapo kama wageni. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 besi walianza kupotea. Vijukwaa vikabaki vikitazama maji matupu, na baadaye mali ya klabu ikaishia mikononi mwa William Wood, tajiri wa viwanda vya sufu, yule yule ambaye wafanyakazi wa viwanda vyake waligoma mjini Lawrence mwaka 1912.

Hapa ndipo nina la kusema. Kuna hoja inayopendwa sana, na huku kwetu pia utaisikia: acha watu binafsi wamiliki ufuo, wataulinda, umma utauharibu. Basi tazama Cuttyhunk. Hao walikuwa na pesa, walikuwa na miamba, walikuwa na kila sababu ya kulinda samaki. Hawakuweza. Si kwa sababu walikuwa wabaya, ila kwa sababu samaki hazaliwi kwenye mwamba wako. Anazaliwa kwenye mto ulio mamia ya kilomita kusini, anapita mbele ya majimbo kadhaa, na nyavu za kila mtu ziko njiani. Unaweza kufungia watu jiwe. Huwezi kumfungia samaki njia.

Ushahidi ulikuja karne moja baadaye. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara wa pwani hiyo walivua besi karibu pauni milioni 15. Miaka kumi baadaye, 1983, hawakufika milioni 4. Kilichowaokoa hao samaki hakikuwa ukuta wa mtu. Ilikuwa sheria ya umma. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumlinda besi mwaka 1984, ikalazimisha majimbo yafuate mpango mmoja. Maryland ikafunga uvuvi wake kabisa kuanzia 1985. Kufikia 1995 samaki wakatangazwa kuwa wamerudi. Siku hizi wamepungua tena, na tangu 2023 mvuvi wa fimbo baharini anaruhusiwa kuchukua samaki 1 kwa siku, mwenye urefu wa kati ya inchi 28 na 31 tu. Wengine wote anawarudisha majini. Masharti ni makali, lakini ni ya wote: mwenye jumba la ufuoni na fundi wa magari wanahesabiwa sawa.

Na samaki mkubwa aliyevunja rekodi ya dunia enzi hizo? Hakuvuliwa kwenye jukwaa la klabu. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1982, katikati ya dhoruba, Albert McReynolds alimtoa besi wa kilo 35 na ushee akiwa amesimama kwenye gati la mawe huko Atlantic City, mwisho wa barabara ya mji. Alifika hapo kwa sababu njia ilikuwepo.

Turudi kwenye ile sheria ya ndoana, kwa sababu haijafa. Mwaka 1974 wabunge wa Massachusetts walitaka kumpa kila mtu haki ya kutembea tu kwa miguu, mchana, kati ya maji kujaa na maji kupwa. Waliwauliza majaji wa mahakama kuu ya jimbo. Majaji wakajibu: hapana, hiyo ni kuchukua mali ya mtu bila fidia, haki za umma ni zile tatu za 1647. Mwaka 1989 mahakama ya Maine, jimbo lililowahi kuwa sehemu ya Massachusetts, ikasema karibu vile vile kwenye kesi ya ufuo wa Moody. Fikiria. Binadamu wamefika mwezini, lakini ukitaka kutembea na mtoto wako kando ya bahari, karatasi ya 1647 inakuuliza: fimbo yako iko wapi?

Na hata fimbo ina mipaka. Inakulinda ukishafika kwenye mwamba. Haikupi ruhusa ya kukatiza uwanja wa mtu ili ufike huko. Kwa hivyo siku hizi vita vya wavuvi haviko sana kwenye mwamba, viko kwenye kichochoro na maegesho. Ukiweka kibao kwamba maegesho ni ya wakazi peke yao, umefunga bahari bila kugusa bahari.

Jirani yao Rhode Island walichagua njia nyingine. Katiba yao ya karne ya 19 ilitaja haki za ufuo, na mwaka 1986 wakazifafanua kwa majina: kuvua kutoka ufuoni, kuokota mwani, kuingia kuogelea, na kupita. Mwaka 2023 wakapitisha sheria iliyosema mtu anaweza kuwa kwenye ufuo mpaka futi 10 juu ya mstari ambao maji kujaa yameuacha, ule wa mwani na takataka za bahari. Hakuna haja ya mpima ardhi, unaangalia chini tu. Tena wana taasisi ya serikali inayotafuta vijia vya zamani vya kwenda baharini na kuviandikisha rasmi kimoja kimoja. Wamefikisha zaidi ya 200.

Sasa sisi. Kiswahili kilishajibu swali hili kabla ya katiba yoyote. Neno lenyewe pwani linatokana na kupwa. Pwa, pwani: mahali maji yanapopwa. Kile kipande ambacho Massachusetts walikigawa mwaka 1647, sisi tumekipa jina la eneo zima, na watu wake tukawaita Wapwani. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Haikuulizi kama una ndoana. Mama anayekwenda kuchokoa pweza maji yakipwa, kijana anayecheza mpira mchangani, mgeni kutoka Kakamega anayetaka tu kuona bahari mara ya kwanza, wote wana haki sawa. Kwa maandishi, tumewashinda Massachusetts kwa mbali.

Lakini kwa maandishi, bana. Ukitembea barabara ya pwani yetu utaona ukuta, geti, ukuta, geti. Nyuma yake kuna ufuo ambao kisheria ni wako, na wa kukuonyesha pa kupita hayupo. Kichochoro kilichopitwa na wavuvi vizazi na vizazi, siku moja kinapata mlango, mwaka unaofuata mlango unapata kufuli. Hakuna aliyekunyang'anya ufuo. Wamekunyang'anya hatua 50 za mwisho.

Kuna mtu ataniambia, hoteli zinaleta ajira. Ni kweli, na sijasema zibomolewe. Kichochoro cha mita tatu hakifukuzi mtalii. Mwingine atasema usalama. Basi weka taa na mlinzi kwenye kichochoro, usiweke tofali.

Ninachotaka kaunti za pwani zifanye ni kitu cha kuchosha, hakina mbwembwe: hesabuni vijia. Tembeeni na wazee wa wavuvi, na akina mama wa pweza, waonyeshe palipokuwa na njia. Chukueni vipimo, viandikwe kwenye ramani za umma, viwekewe kibao, na orodha itundikwe mahali kila mtu anaweza kuisoma. Wazee wanaokumbuka njia hizo hawatakuwepo milele, na wakienda bila kuandikwa, atakayekuja na ukuta hatakuwa na wa kubishana naye.

Kama unaishi Kwale, Mombasa, Kilifi ama Lamu, niambie kwenye komenti: kichochoro cha kwenda baharini kwenu kiko wapi, na bado kiko wazi? Nitaanza kuviorodhesha mimi mwenyewe, kimoja kimoja.