Chombo na Mwenye Chombo: Oculus Rift Mkabala wa Ngadji na Wimbo Bembezi wa Wapokomo

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuitazama kazi ya sanaa kuwa ni tukio. M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake uliozoeleka vyuoni Afrika Mashariki, anayataja mambo yanayokutana ili utanzu wa fasihi simulizi uwepo: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Kabla yake Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alikuwa amekwisha kusisitiza kwamba uhai wa fasihi hiyo umo katika utendaji. Misingi hiyo ingali imara. Hata hivyo, kipo kipengele ambacho aghalabu hupitiwa juu juu, nacho ni chombo, yaani kile kitu ambacho pasipo nacho sauti haisikiki wala picha haionekani. Kikitajwa, hutajwa kama pambo la utendaji, mithili ya vazi au zeze. Ni nadra kuulizwa chombo ni cha nani, na mwenyewe akikitwaa kazi ya sanaa inabaki wapi.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuzilinganisha historia tatu. Mbili ni za Wapokomo, wakulima na wavuvi wa bonde la Mto Tana ambao vijiji vyao, Kulesa kikiwa kimojawapo katika eneo la Garsen, vimefuata mkondo wa mto huo. Ya tatu ni ya Oculus Rift, miwani ya uhalisia pepe iliyoundwa itumike na kompyuta za watu binafsi na ambayo biashara yake ilikoma mwaka 2021. Umbali kati ya Kulesa na viwanda vya California ni mkubwa, lakini kuwekwa kwao pamoja kuna sababu. Historia mbili za Tana zinaonyesha njia mbili ambazo sanaa hufungamana na chombo chake, na kwa kuzielewa hizo ndipo iliyoipata Rift inapoweza kusomwa kama suala la fasihi, si habari ya biashara tu.

Ngadji: Ngoma Iliyotwaliwa

Ngadji ilikuwa ngoma kubwa iliyoheshimiwa mno na Wapokomo. Haikuwa ngoma ya kuchezwa na yeyote apendaye. Ilihusishwa na utawala na mamlaka ya wazee, na sauti yake ilikuwa tangazo lenye nguvu ya sheria. Mwanzoni mwa karne ya ishirini maofisa wa kikoloni wa Uingereza waliitwaa, na mwaka 1908 ikaingia katika mkusanyiko wa British Museum mjini London. Huko imekaa ghalani kwa zaidi ya miaka 100. Ni katika miaka ya 2010 tu ambapo wazawa wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo walipata kuiona kwa macho yao, na madai ya kurejeshwa kwake yamesikika hadharani tangu wakati huo.

Kwa mhakiki, tukio hilo lina uzito wa kinadharia. Fanani hawakuuawa wote, hadhira haikutoweka, na mahali pa utendaji palibaki palepale kando ya mto. Kilichoondolewa ni kimoja tu, yaani chombo, na utanzu mzima ulionyamaza pamoja nacho haukuweza kuhamishiwa kwenye ngoma nyingine. Mafundi wa kuchonga magogo walikuwapo, lakini mamlaka ya Ngadji hayakutokana na gogo. Yalitokana na historia ya ngoma ile moja. Kwa hiyo aliyeishika ngoma alilishika pia neno lililosemwa kwa ngoma hiyo.

Wimbo Bembezi: Tuni Isiyo na Kufuli

Bonde hilohilo limetoa mfano ulio kinyume kabisa. Kenya ilipokuwa ikijiandaa kupata uhuru, tume ya watu watano iliundwa kutayarisha wimbo wa taifa. Wanatume walikuwa Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Tuni waliyoitumia ilitokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo humwimbia mtoto ili alale, na anayetajwa kuutoa ni Meza Moroa Galana, Mpokomo wa Tana. Maneno mapya ya Kiswahili na ya Kiingereza yalitungwa, na mwaka 1963 wimbo bembezi ukawa wimbo wa dola.

Chombo cha wimbo huo ni koo la binadamu. Haukuhitaji ruhusa ya mtu wala kifaa cha kununuliwa, na mafuriko ya Tana, yaliyokwisha kuhamisha vijiji mara kadhaa, yakiwamo ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, hayakuweza kuuchukua. Watoto wa Kulesa wanaposimama gwarideni shuleni na kuimba wimbo wa taifa, huimba tuni ya bonde lao iliyowarudia kwa njia ya serikali.

Lakini hapana budi kujihadhari na sifa zilizopita kiasi. Tuni imesalimika, ilhali mengi yameachwa nyuma: maneno ya Kipokomo, mtoto aliyebebwa, giza la jioni na mwendo wa polepole wa mwili unaobembeleza. Wimbo wa taifa huimbwa kwa kusimama wima. Wimbo bembezi huimbwa kwa kuyumba. Uhuru wa kuhama ulilipiwa kwa kuuacha muktadha. Kazi ya sanaa isiyofungwa na chombo inaweza kudumu, lakini haiwezi kudumu bila kugeuka.

Oculus Rift: Kuinuka na Kukoma

Agosti 2012 Mmarekani Palmer Luckey, aliyekuwa na umri wa miaka 19, aliomba michango ya umma kupitia Kickstarter ili kuunda miwani ya uhalisia pepe. Zilipatikana takriban dola milioni 2.4 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 9,500. Machi 2014 kampuni ya Facebook ilitangaza kuinunua Oculus kwa dola bilioni 2, na Machi 2016 Rift ikaanza kuuzwa kwa dola 599.

Utendaji wake unaelezeka kwa ufupi. Ndani ya miwani mna skrini mbili, moja kwa kila jicho, kila moja ikiwa na nukta 1,080 kwa 1,200, na picha hubadilishwa mara 90 kwa sekunde. Kihisi kilichowekwa mezani husoma taa zisizoonekana kwa macho zilizopachikwa kwenye miwani, nayo kompyuta huichora dunia upya kila kichwa kinapogeuka. Kazi hiyo ilihitaji kompyuta yenye nguvu: vifurushi vya kwanza vya miwani na kompyuta viliuzwa kuanzia dola 1,499. Kwa hiyo hadhira ilichujwa kwa bei kabla hadithi haijaanza.

Walakini hadithi zilikuwapo, na si za kupuuzwa. Kitengo cha Oculus Story Studio, kilichotangazwa mwaka 2015, kilitoa Henry, kisa cha kalunguyeye mpweke siku ya kuzaliwa kwake. Wakati fulani mhusika huyo humtazama mtazamaji machoni popote alipo. Mwaka 2016 kazi hiyo ilipata tuzo ya Emmy. Januari 2017 ikafuata Dear Angelica, kumbukumbu za binti kwa mama yake mwigizaji aliyefariki, iliyochorwa kwa mkono ndani ya uhalisia pepe wenyewe. Msomi wa fasihi simulizi atalitambua mara moja jambo lililotafutwa humo: jicho la fanani linaloikuta hadhira, na hadhira inayojiona imo ndani ya kisa. Sanaa ya skrini ilikuwa ikijaribu, kwa gharama kubwa, kuupata ukaribu ambao msimulizi wa jioni huupata kwa kugeuza shingo.

Mei 2017 Facebook ilikifunga kitengo hicho. Tarehe 7 Machi 2018 likatokea jambo dogo lenye mafunzo makubwa. Cheti cha kidijitali cha programu ya Rift kilipitwa na muda, na miwani hiyo ikagoma kufanya kazi duniani kote mpaka kampuni ilipotoa marekebisho. Hakuna kioo kilichovunjika wala waya uliokatika. Wanunuzi walikuwa na kifaa mikononi, lakini ruhusa ya kukitumia ilikuwa kwingine. Mwaka 2019 toleo la Rift S lilichukua nafasi ya lile la kwanza. Septemba 2020 Facebook ikatangaza kwamba haitaunda tena miwani ya kompyuta pekee, na kwamba Rift S itauzwa hadi majira ya kuchipua ya mwaka 2021. Kuanzia Oktoba 2020 watumiaji wapya walitakiwa wawe na akaunti ya Facebook ili kuvaa miwani ya Oculus, sharti lililoondolewa mwaka 2022.

Kazi za Kenya

Wasanii wa Kenya hawakuwa watazamaji tu wa historia hiyo. Mwaka 2017 The Nest Collective ya Nairobi ilitoa Let This Be a Warning, filamu ya mzingo kuhusu Waafrika walioihama dunia na kuanzisha makao katika sayari ya mbali, kisha wakajiwa na mgeni wasiyemwalika. Mwaka huohuo Ng'endo Mukii alitoa Nairobi Berries, shairi la picha juu ya jiji hilo. Kazi hizi ni filamu zilizopigwa pande zote, hivyo zinaweza kuhamishwa kutoka miwani moja hadi nyingine, hata kutazamwa kwenye skrini bapa. Hazikufungwa na chombo kimoja kama kazi zinazochorwa na kompyuta papo hapo. Lakini zikitazamwa bapa hupoteza kitu. Katika filamu ya The Nest Collective mtazamaji huwekwa katika nafasi ya mgeni asiyetakiwa, akizungukwa na wenyeji wanaomkagua. Akiitazama kwa mbali, kama picha iliyotundikwa ukutani, huwa ameponyoka hukumu hiyo. Kama ilivyo kwa wimbo bembezi, kinachosafiri ni tuni. Mwili hubaki nyuma.

Mlinganisho

Historia hizo tatu zikiwekwa sambamba, Rift haifanani na wimbo bembezi. Inafanana na Ngadji. Katika zote mbili chombo ni kimoja, mamlaka juu yake yako mahali pamoja, na kunyamaza hutokana na uamuzi, si uchakavu. Tofauti iliyopo haipendezi. Wapokomo walinyang'anywa chombo kilichokuwa chao kwa karne nyingi. Wanunuzi wa Rift waliuziwa chombo ambacho hakikupata kuwa chao kikamilifu. Mmoja alipoteza miliki kwa nguvu, mwingine kwa mkataba aliouridhia bila kuusoma.

Ulinganisho huo una tukio linaloukamilisha. Agosti 2015 British Museum iliwaalika wageni wake kuvaa miwani ya Samsung Gear VR, iliyotumia simu badala ya kompyuta, na kuingia katika nyumba ya Enzi ya Shaba iliyoundwa upya kwa uhalisia pepe. Wakati huo Ngadji ilikuwa ghalani mwa taasisi hiyohiyo. Kufikia mwaka 2019 Samsung ilikuwa imeacha kuiendeleza Gear VR: simu zake mpya za mwaka huo, Galaxy Note10, hazikuikubali. Kwa hiyo anayependekeza kwamba Wapokomo waridhishwe na nakala ya kidijitali ya ngoma yao anapaswa kujibu maswali mawili. La kwanza ni kama mamlaka yaliyokaa katika kitu kimoja yanaweza kunakiliwa. La pili, ambalo ni gumu zaidi, ni nani atakayeishika miwani, na kwa muda gani. Gogo la Ngadji limevumilia zaidi ya karne moja bila kuguswa na wenyewe. Rift iliuzwa kwa miaka 5 tu.

Hitimisho

Kwa wahakiki wa fasihi matokeo ya hoja hii ni ya kiutendaji. Orodha ya Mulokozi inastahili kuongezwa kipengele cha saba, chombo, na kiulizwe sawasawa na fanani na hadhira: kimeundwa na nani, kiko kwa nani, na nani anaweza kukizima. Tasnifu inayohakiki kazi ya Rift haina budi kueleza kazi hiyo kwa ukamilifu ambao mhakiki wa riwaya hahitaji, kwa kuwa msomaji wa kesho huenda asiwe na njia ya kuithibitisha. Maelezo ya mhakiki yatakuwa sehemu ya kilichosalia, kama yalivyo maelezo ya waliowahi kuisikia Ngadji.

Fasihi simulizi imekuwa ikielezwa mara kwa mara kuwa ndiyo dhaifu, iliyo hatarini, inayongoja kuokolewa na teknolojia. Ushahidi wa bonde la Tana unaitaka kauli hiyo ipimwe upya. Wimbo uliohifadhiwa na akina mama umelifikia taifa zima. Kazi zilizohifadhiwa na kampuni tajiri kuliko nyingi duniani zilisimama siku ya cheti kupitwa na muda.